Jina la dada katika daftari la nia za misa

Dada yangu alipandia meli ya MV Bukoba kwenye gati la Kemondo, Ziwa Viktoria, usiku wa Jumatatu tarehe 20 Mei 1996, kwa tiketi ya daraja la tatu. Naanza na tiketi kwa sababu ndiyo iliyoamua mengi yaliyofuata nyumbani kwetu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili katika MV Bukoba waliandikwa majina. Wa daraja la tatu, waliobanana na mizigo na mikungu ya ndizi, hawakuwa na orodha. Ulikuwa na kipande chako cha karatasi mkononi, basi. Meli ilipozama, karatasi nayo ilizama.

Nilikuwa darasa la sita. Tulimsindikiza mimi na baba. Alikuwa anarudi Mwanza kwa shangazi, alikokuwa akijifunza ushonaji, na alikuwa amebeba mkungu mmoja wa ndizi. Mama alikuwa amemfungia kahawa za kutafuna kwenye pindo la kanga. Pale gatini watu walikuwa wengi mno, wakisukumana kama vile meli ile ndiyo ya mwisho duniani. Baba akamwambia, "Mwanangu, si usubiri safari nyingine?" Akacheka. "Taata, shangazi atanisubiri bandarini bure." Kabla hajaingia kwenye msongamano alivua ndala zake akazishika mkononi zisimpotee. Mpaka leo nikifumba macho namwona hivyo: mkungu kichwani, ndala mkononi, anapanda meli bila viatu.

Kesho yake asubuhi, meli ikiwa imekaribia Mwanza, ilipinduka.

Habari zilitufikia kwa redio. Ulikuwa mwezi wa Mei, mwezi wa rozari, na jioni ile ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwetu. Tulikuwa pia katikati ya novena ya Roho Mtakatifu, maana Pentekoste ilikuwa Jumapili ya wiki hiyo, tarehe 26. Mama alikuwa ameshafagia ua na kupanga mikeka tangu mchana. Watu walifika mmoja mmoja, kimya kimya, wengine wakiwa na wa kwao melini. Wakakaa kwenye mikeka ileile iliyotandikwa kwa ajili ya rozari ya kawaida. Katika rozari, Jumanne ni siku ya matendo ya uchungu, yaani mateso ya Yesu, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuchagua. Mwenyekiti wa jumuiya alianza tendo la kwanza, Yesu anatoka jasho la damu, sauti ikamkatikia, na mama ndiye aliyeendelea.

Baba alikwenda Mwanza kwa barabara, kuzunguka ziwa. Alikaa huko siku kadhaa akipita kati ya miili. Aliporudi alisema sentensi mbili tu: "Nimeona wengi. Wetu sikumwona." Alifariki mwaka 2009, na katika miaka yote ile hakuongeza sentensi ya tatu.

Wanasema kifo cha wengi harusi. Msemo huo siuwezi. Mkoa mzima wa Kagera ulikuwa kwenye msiba. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa, na bendera zikawa nusu mlingoti. Kweli, tulilia pamoja na watu wengi. Lakini wafu wanapokuwa wengi hivyo, kila mmoja wao anaanza kufichwa na wenzake. Redio ilitaja mia sita, mara mia nane, mara karibu elfu. Hesabu hizo hazijawahi kukubaliana hadi leo, na inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu 800, katika meli iliyotengenezwa kubeba abiria 430. Mama alikuwa akisikiliza zile namba kwa makini, kisha anauliza, "Sasa yeye yumo, au hayumo?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu jina lake halikuandikwa popote.

Kwetu mtu huzikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani. Kaburi la babu unalipita ukienda kukata ndizi, unalisalimia. Kukosa mwili ni msiba wa pili juu ya ule wa kwanza. Ndugu wengine walishauri tuzike kitu badala yake ili msiba umalizike na watu watawanyike. Mama alikataa. "Sitazika kitu. Nitamzika mtoto, au sitazika." Ukoo uligawanyika juu ya jambo hilo, na kwa wiki kadhaa nyumba yetu ilikuwa na maneno ya chini chini ambayo sisi watoto tuliyasikia yote.

Ndipo paroko alipokuja. Hakuja na maneno mengi. Alikaa kwenye kigoda, akapokea kahawa, akamsikiliza mama mpaka mwisho. Kisha akamsimulia habari za Mtakatifu Monika. Mama alimfahamu Monika kama mama aliyelia kwa ajili ya mwanawe Augustino. Hakujua alivyokufa. Padre akamwambia kuwa Monika alikuwa mama wa Kiafrika, kutoka nchi ambayo leo ni Algeria, na kwamba alifia Ostia, karibu na Roma, mwaka 387, akiwa safarini kurudi kwao. Miaka mingi alikuwa amejiandalia mahali pa kuzikwa kando ya mumewe. Alipoona hatafika, akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasisumbuke nao. Aliomba jambo moja tu: wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, popote watakapokuwa.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na aliye ndani ya maji?"

Padre alifungua Biblia yake, Ufunuo sura ya 20, akasoma: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake."

"Hiyo ni bahari. Na ziwa?"

"Na ziwa, mama. Na Lweru, ziwa letu hili."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mama parokiani kuandikisha misa. Katekista alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari: tarehe, nia, anayeombewa, anayeomba. Akauliza jina. Mama akalitaja lote, la ubatizo na la ukoo. Katekista akaandika taratibu kwa kalamu ya bluu. Mama hakuwa msomaji mzuri, lakini akaomba ageuziwe daftari. Akaweka kidole chini ya jina, akakisogeza kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akarudia. Wino ulikuwa haujakauka, ukampaka kidogo kwenye kidole. Alipofika nyumbani hakunawa mkono huo mpaka jioni.

Mimi nilikuwa mtoto, ila nilielewa kilichotokea pale. Tangu meli izame, hilo lilikuwa daftari la kwanza duniani kuandikwa jina la dada yangu.

Misa ilifanyika bila jeneza, jambo ambalo Kanisa linaliruhusu mwili unapokosekana. Mbele ya altare palikuwa na mshumaa wa Pasaka na picha ya kipaimara. Mwezi wa Novemba, siku ya Marehemu Wote, paroko alisoma majina ya wanaparokia wote waliokufa kwenye meli, moja moja, na kila baada ya jina tuliitikia "Apumzike kwa amani." Ilichukua muda. Watoto walianza kusinzia, mvua ikaanza juu ya bati, na bado majina yaliendelea. Hakuharakisha. Nimehudhuria kumbukumbu nyingi tangu wakati huo, za watu wakubwa na za serikali, na bado naamini namna bora ya kumheshimu mfu ni kutomharakisha.

Igoma sikwenda kwa miaka minane. Ndiko walikozikwa wengi wa marehemu wa MV Bukoba, pamoja na wale ambao hakuna ndugu aliyeweza kuwatambua, na ndiko uliko mnara wa kumbukumbu. Nilihamia Mwanza kusoma, katika chuo kilichopewa jina la mtoto wa Monika, na bado nikawa nalipita eneo lile kwenye daladala nikitazama upande mwingine. Nilikuwa na hasira, na sitaki kuificha. Hasira hiyo ilikuwa na sentensi yake: "Kazi ya Mungu haina makosa." Tangu 1996 nilikuwa nimeisikia kwenye kila msiba, na kila mara niliona meli iliyojaa kupita uwezo wake, gati la Kemondo na watu wanaosukumana, na hakuna hata mmoja anayesema "imetosha." Kazi ya Mungu haina makosa, ni kweli. Kupakia meli kupita kiasi si kazi ya Mungu.

Nilimweleza hayo padre mmoja kwenye kitubio, nikitegemea kukaripiwa. Akaniambia kwamba anayewaombea wafu halazimiki kudanganya jinsi walivyokufa, na kwamba hata katika Sala ya Njia ya Msalaba tunawataja Pilato na askari. Kitubio changu alichonipa ni kwenda Igoma na kusali sala ya marehemu mara moja tu, kwa sauti.

Nilikwenda Novemba 2004. Mtu asidhani nililia. Nilisimama kati ya makaburi nikiwa sijui pa kutazama. Mjusi alikuwa anaota jua juu ya saruji. Nyasi zilikuwa zimepanda mpaka magotini. Nikasema, "Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie, wapumzike kwa amani," na nikashtuka kwamba nilikuwa nimesema kwa wingi. Kwa miaka minane nilikuwa nimemwombea mmoja. Hapo nilikuwa nawaombea watu nisiowajua dini zao, wala makabila, wala walikokuwa wanakwenda asubuhi ile. Wakati naondoka, mtoto wa shule aliyekuwa anapita njia ya mkato akaniuliza, "Kaka, hapa wamezikwa watu gani?" Nikamweleza. Akauliza meli ilizama kwa nini. Nikamweleza na hilo. Akauliza kama sasa hivi zinahesabu watu. Nikamwambia aulize kila atakapopanda.

Mtoto yule ndiye aliyenifundisha kazi ya mnara. Sala zetu za nyumbani na daftari la parokia vilikuwa vimemtunza dada vizuri, lakini vilimtunza ndani, kwetu sisi tunaomjua. Daftari lile halikuweza kumfanya mtoto wa mtu mwingine asimame na kuuliza. Mnara uko wazi kwa Mwislamu na Mkristo, kwa mwenye msiba na kwa mpita njia. Unasimama hata mwaka ambao sisi hatukwenda. Lakini nao una upungufu wake: unasema "watu", unasema "ajali", na kama hakuna anayefika na jina mdomoni, unabaki kuwa saruji. Siku ya kumbukumbu, tarehe 21 Mei, nimewaona masheikh na mapadre wakiomba pale kwa zamu, viongozi wakahutubia, mashada yakawekwa. Ninashukuru kwa yote hayo. Kilichonigusa zaidi kila mara kimekuwa ni mama fulani wa pembeni asiyesikiliza hotuba, anayenong'ona jina.

Mwaka 2018, nikiwa tayari mwalimu, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika Ukara, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walipita 220. Niliposikia namba hizo mbili zikisomwa moja baada ya nyingine, nilizima redio nikatoka nje. Miaka ishirini na miwili, ziwa lilelile, kosa lilelile. Nilijiuliza mnara wetu umefundisha nini, kama umefundisha chochote, na swali hilo bado ninalo. Wengi walizikwa pamoja Bwisya, pale kisiwani, na sasa kuna makaburi mengine ya kukumbuka.

Mwalimu mwenzangu alipoteza mdogo wake katika ajali hiyo. Tulikwenda kumpa pole. Watu walikuwa wanasema yale yanayosemwa, jipe moyo, ndiyo dunia, kazi ya Mungu. Mimi nilikaa karibu naye nikamwuliza, "Jina lake nani?" Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa. Akalitaja. Nikamwuliza alikuwa mtu wa namna gani, akaanza kusimulia, na akasimulia kwa saa nzima: alivyopenda mpira, alivyokuwa anadaiwa na kila mwenye duka, alivyoimba besi kwaya ya parokia. Kabla sijaondoka nilitoa kijitabu changu mfukoni nikaliandika jina mbele yake, nikamwambia Jumapili nitaliandikisha kwenye misa. Aliomba alione. Sikushangaa alipoweka kidole chini yake.

Nimekuwa nikifanya hivyo tangu wakati ule. Kila Novemba, kati ya tarehe 1 na 8, Kanisa linatoa rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu ya dhambi, kwa ajili ya marehemu kwa anayetembelea makaburi na kuwaombea, akitimiza pia kitubio, komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu. Wengine wanaona ni mambo ya vitabu. Mimi naona ni kazi iliyowekwa mikononi mwangu. Huzuni peke yake haina mikono. Nakaa nayo tu. Lakini nikiambiwa nenda pale, sema hivi, kwa ajili ya huyu, ninapata la kumfanyia mtu ambaye nilidhani sina tena la kumfanyia. Nikawa naenda na kijitabu, na baadaye na wanafunzi wachache wa utume wa vijana, kila mmoja na fyekeo lake.

Mama alikuwa ameapa hatapanda meli tena. Kila alipokuja Mwanza alipita barabarani, safari ndefu, akafika miguu imevimba. Mwaka 2020 MV Victoria ilirudi ziwani baada ya kukarabatiwa. Mwaka uliofuata, ikitimia miaka 25, alinipigia simu akasema, "Njoo unichukue. Nataka kupita alikopita."

Tulipanda jioni. Majina yetu yaliandikwa, na mama akasimama mbele ya mwandishi mpaka alipohakikisha la kwake limekaa sawasawa. Akaulizia maboya yaliko, akaonyeshwa, akayahesabu. Hakulala. Kulipokaribia kupambazuka aliniamsha tukatoka nje. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na kwa mbali vilionekana vilima vya mawe vya Mwanza. Nilimwambia kwamba kwa kadiri ninavyojua ni maeneo haya. Alifungua pindo la kanga. Alikuwa na kahawa za kutafuna, punje chache. Moja akaitia mdomoni, moja akanipa mimi, zilizobaki akazifunga tena. Tukasali rozari tukiwa tumeshika chuma cha ukingo. Ilikuwa Ijumaa, siku ya matendo ya uchungu, kama Jumanne ile.

Igoma tulifika kabla ya sherehe kuanza. Nilitaka kumpeleka moja kwa moja kwenye mnara, lakini yeye alipita taratibu kati ya makaburi, akisimama, akiinama, kama mtu anayetafuta shamba lake kati ya mashamba ya wengine. Mwisho akasimama kwenye kaburi moja lisilokuwa na jina, pembeni, lililofunikwa na majani. Akavua viatu.

"Mama, huyu hatumjui."

"Najua. Lakini naye ana mama mahali fulani, na pengine mama yake hawezi kufika. Mimi nitamsafishia wake. Labda siku moja mwingine alimsafishia wangu."

Akapiga magoti na kuanza kung'oa majani kwa mikono, akianzia upande wa kichwa. Mizizi ilikuwa imeshika sana. Nikamwambia nina fyekeo kwenye mfuko. Akasema fyekeo litaacha mizizi, nimletee maji ya kulainisha udongo. Nikachukua dumu, nikaenda kutafuta bomba.